Shati Lililonuka Moshi

Gereji ile ilikuwa na vipimo vitatu. Cha kwanza ni geji ya upepo wa matairi, yenye kioo kilichopasuka. Cha pili ni mita ya betri, ambayo ilisema kweli siku ikijisikia. Cha tatu kilikuwa mtu, na huyo hakuna aliyekumbuka kumwona akikosea. Walimwita Pua.

Wageni walioletwa kwake kwa mara ya kwanza walimtazama usoni kwa siri, wakitafuta pua ya ajabu. Hawakuiona. Ilikuwa pua fupi ya kawaida, na kovu dogo ubavuni pale cheche ya moto ilipomgusa zamani. Lakini kwa miaka ishirini na minane pua hiyo ilisimama langoni na kusema, “Hilo la kijani linavuja petroli, tazameni mpira ulio chini ya kabureta,” na mpira ukakutwa umechanika. Ilitofautisha oili iliyoungua na breki iliyoungua. Ilimwambia dereva wa teksi kwamba kuna panya aliyekufa ndani ya feni yake kabla boneti haijafunguliwa. Wenzake walizidisha chumvi, wakadai eti Pua anaweza kukuambia ulikula nini jana, na kwa nani.

Kwa sababu hiyo gereji ilikuwa na desturi yake. Hakuna gari lililotoka kabla Pua hajakaa ndani, vioo vyote vimepandishwa, injini inanguruma, dakika kumi kwa saa yake ya mkononi. Kisha hufungua mlango, hushuka, husema neno moja: “Safi.” Baada ya hapo hakuna aliyeuliza kitu. Mwenye gari hupewa ufunguo.

Msimu wa mvua uliopita Pua alishikwa na mafua. Yalimlaza siku tisa, na yalipoondoka yaliondoka na mzigo wake. Aligundua siku ya kwanza aliporudi kazini. Alinawa mikono kwa petroli, kama alivyofanya kila jioni kuondoa grisi, akahisi ni kama ananawa maji. Aliinua viganja usoni, akavuta pumzi kwa nguvu. Baridi tu. Akaenda nyuma ya choo cha gereji, mahali ambapo watu hupita mbio wameziba pua, akasimama pale muda mrefu kama mtu anayengoja rafiki. Hakusikia chochote.

Alijiambia itarudi baada ya wiki. Kisha akajiambia baada ya mwezi. Miezi ilipofika mitano aliacha kujiambia, akabaki na hofu. Hofu hiyo aliamka nayo na kulala nayo. Ana miaka hamsini na minne, macho yanahitaji miwani, mgongo unalalamika, mikono ni mizuri lakini mikono mizuri imejaa mtaani. Wateja walivuka mji mzima kuja kwa Pua. Sasa Pua asiye na pua ni nani?

Basi akajifunza hila. Alipoitwa kunusa, aliinamisha kichwa, akafumba macho, halafu akamuuliza aliye karibu, “Wewe unasikia nini hapo?”

“Kama... petroli?”

“Naam,” husema Pua. “Unaanza kujifunza.”

Vijana wa pale walifurahi kweli kusifiwa. Nyumbani, mkewe, Mama Pacha, alipopakua chakula, Pua alivuta pumzi juu ya sahani na kusema, “Leo umetia kitunguu saumu kingi kidogo.” Siku nyingine alipatia. Siku nyingine mkewe alimtazama tu, kijiko mkononi.

*

Mkunga alikuja na gari lake siku ya Jumatano. Watu wote wa mtaa walimwita hivyo ingawa alikuwa amestaafu, kwa sababu nusu yao alikuwa amewapokea kwa mikono yake, na hakuacha kuwakumbusha. Cheche, mchomeaji wa gereji na mshirika wa Pua, alikuwa mmojawapo.

“Wewe ulitoka miguu kwanza,” Mkunga alimwambia mbele ya wateja. “Ndiyo maana mpaka leo huna adabu.”

“Nilikuwa naiwahi kazi, mama,” Cheche akajibu, na gereji ikavunjika mbavu.

Gari lilikuwa la marehemu mumewe, la rangi ya maziwa, mviringo kama kobe, na injini yake ikiwa nyuma. Lilikuwa na umri mkubwa kuliko Cheche. Mzee yule alilitunza kama mboni ya jicho, ila kitu kimoja kilimshinda: joto. Mfumo wa kupasha joto na kuingiza hewa ndani ulikufa miaka mingi iliyopita, naye akauacha, kwa kuwa mjini hapakuwa na baridi ya kuogopa.

“Sasa binti yangu amepata kazi huko juu milimani,” Mkunga akasema. “Asubuhi maji yanaganda kwenye ndoo. Na ana mtoto wa miezi mitatu. Nataka gari lipashe joto kama lilipokuwa jipya, na upepo usipenye. Nataka mjukuu wangu asafiri kama yuko tumboni bado.”

“Utapata, mama,” Pua akasema.

“Nawe ulinuse mwenyewe. Sitaki kijana.”

“Nitalinusa mwenyewe.”

Magari mengi hupata joto lake kwenye maji ya injini. Gari la aina ile halina maji. Injini yake hupozwa kwa upepo. Waliolibuni walitumia joto la bomba la moshi. Bomba hilo linapotoka kwenye injini huvishwa sanduku la bati, kama mkono ndani ya shati. Feni husukuma hewa safi kati ya bati na bomba, hewa inapata moto, kisha inapita kwenye mifereji chini ya milango mpaka miguuni mwa abiria. Mkono mdogo wa chuma kati ya viti huvuta waya, na waya hufungua vifuniko. Ni kazi ya akili sana, mradi tu bomba lililo ndani ni zima. Likipasuka, feni ileile inayoleta joto italeta moshi.

Pua alijua hayo kama anavyojua jina la mama yake. Alitandika gunia chini, akapanga kila kilichotoka kwa utaratibu wa kutoka kwake: skrubu, vibano, waya, vifuniko, masanduku mawili yaliyoliwa na kutu mpaka yakafanana na majani makavu. Ndani ya mfereji wa kushoto alikuta kiota cha panya kilichosokotwa kwa sufi ya kiti. Alisugua kwa brashi ya waya, akapiga msasa, akakata bati jipya, na Cheche akalichomelea kwa mstari mwembamba kama mshono wa fundi cherehani. Nyaya zilizoshikamana alizilowesha mafuta siku mbili, akazivuta polepole mpaka zikateleza. Alizungushia milango yote raba mpya. Hata vidirisha vidogo vya pembetatu, vile vya mbele vinavyogeuka kuingiza hewa, alivifungua, akavitia mpira mpya na kitasa kigumu. Alipofunga mlango kwa mara ya kwanza, masikio yaliziba. Gari halikupitisha hata sindano.

Yalibaki mabomba ya ndani. Mapya hayakupatikana popote. La kulia lilikuwa zuri. La kushoto aliligonga kwa nyundo ndogo kuanzia mwanzo hadi mwisho, akisikiliza. Lililia vizuri, ting, ting, ting, halafu karibu na ncha sauti ikashuka kidogo, kama mtu aliyemeza mate. Akagonga tena. Ikalia vizuri. Alimulika tochi. Hakuona ufa.

Si neno, akawaza, nitalinusa baadaye. Wazo hilo lilikuja lenyewe, kwa mazoea ya miaka ishirini na minane. Kisha akakumbuka, akabaki ameshika nyundo hewani.

Njia nyingine ilikuwepo. Unaziba ncha moja ya bomba, unalitia kwenye pipa la maji, unapuliza upepo, unatazama mapovu. Ni kazi ya nusu siku kwa kutengeneza vizibo. Lakini pipa lilikuwa katikati ya uwanja. Cheche angekuja huku akifuta mikono, angeuliza kwa sauti, “Tangu lini Pua anazamisha bomba majini?” Wengine wangecheka. Mmoja asingecheka, angefikiri. Na mtu mmoja akishafikiri, mambo yameisha.

Pua alitazama pipa. Alitazama bomba. Akalivisha bati lake.

*

Ijumaa ya wiki iliyofuata, alasiri, alikaa ndani ya gari, vioo vimepandishwa, injini inanguruma, mkono wa joto umevutwa hadi mwisho. Joto lilikuja kwenye vifundo vya miguu, laini, kama pumzi ya mnyama. Alitabasamu. Alipangusa dashibodi kwa kitambaa. Dakika ya saba kichwa kilianza kumgonga upande mmoja; hakuwa amekula mchana. Dakika ya kumi alifungua mlango na kushuka.

Cheche alikuwa anapita na mtungi wa gesi begani. Alisimama, uso wake ukajikunja kidogo kati ya macho, kama mtu aliyeitwa kwa mbali. Pua aliona. Alingoja Cheche aseme neno.

Cheche alimngoja Pua.

“Safi,” akasema Pua.

“Haya,” akasema Cheche, akaendelea na mtungi wake.

Mkunga alipokuja kuchukua ufunguo, Pua alimwambia maneno yaleyale anayomwambia kila mwenye gari ambalo mabomba yake yamepakwa rangi mpya ya kuhimili moto: “Siku mbili tatu utasikia harufu, mama. Ni rangi inayoungua mara ya kwanza. Usiwe na wasiwasi, itakwisha yenyewe.”

Mkunga alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Yeye, binti yake na mjukuu walikuwa wanaondoka kesho yake saa mbili asubuhi.

*

Jumamosi Pua hakwenda kazini. Saa tatu na nusu alikuwa barazani akinywa chai ambayo kwake ilikuwa maji ya moto yenye sukari, Mama Pacha akichambua nguo za kufua. Mabinti wao pacha walikuwa wameolewa mbali, na nguo zilikuwa chache siku hizi. Aliinua shati la kazi la mumewe, akalitupa chini, akaliokota tena.

“Wee Baba Pacha! Jana ulilala ndani ya ekzosi?”

“Nini?”

“Hili shati. Linanuka moshi wa gari mpaka linakata koo.”

“Ni gereji, mke wangu. Linuke nini, marashi?”

“Usinifanye mtoto. Nafua mashati yako mwaka wa thelathini huu. Oili naijua, grisi naijua, petroli naijua. Huu ni moshi, umeingia mpaka kwenye kola. Nusa mwenyewe.” Akamsogezea usoni.

Pua alivuta pumzi. Mama Pacha alikuwa anamtazama. Akavuta tena. Kitambaa kilimgusa mdomo, kikavu, kikimya.

“Mimi nilikaa kwenye gari moja tu jana,” akasema taratibu. Alisikia sauti yake kama ya mtu mwingine. “La Mkunga. Dakika kumi.” Akakumbuka kichwa kilivyomgonga. Akakumbuka sauti ya bomba iliyoshuka. Akaweka kikombe chini.

“Una nini?”

“Sisikii, Mama Pacha.”

“Husikii nini?”

“Harufu. Hata moja. Tangu yale mafua.”

Alidhani atapiga kelele. Mama Pacha alikaa chini juu ya nguo chafu. “Miezi saba,” akasema. “Miezi saba unanisifia mchuzi.” Kisha uso wake ukabadilika, maana alikuwa mwepesi kuelewa kuliko yeye. “Na lile gari lina mtoto mchanga ndani yake.”

Walipiga simu ya Mkunga. Haipatikani. Ya binti yake. Imezimwa, binti yule hakuwahi kuwasha simu akiwa kwenye usukani, na watu walikuwa wakimsifu kwa hilo. Pua alimpigia Cheche, na Cheche akaja na pikipiki kabla Pua hajamaliza kufunga kamba za viatu.

“Endelea kupiga,” Pua akamwambia mkewe. “Usiache.”

“Siachi. Na hili shati silifui.”

“Kwa nini?”

“Nenda!”

*

Pua alimweleza Cheche kila kitu akiwa nyuma ya pikipiki, akipiga kelele sikioni mwake dhidi ya upepo. Cheche akazidisha mwendo. Walipopunguza mwendo kupita tuta, Pua akauliza, “Jana nilipofungua mlango. Ulisikia kitu?”

“Nilisikia moshi.”

“Mbona hukusema?”

“Niseme nini mimi?” Sauti ya Cheche ilipasuka. “Wewe ndiye Pua! Nikajua ni mimi nimekosea. Ukisema safi, mimi ni nani?”

Huku chini jua lilikuwa kali, na Pua alijifariji kwa hilo. Hakuna anayewasha joto kwenye jua. Watafungua vioo, watakula upepo. Lakini barabara ilikuwa inapanda, na kila baada ya kilima hewa ilizidi kuuma. Alikuwa ametoka na fulana tu. Vidole vilipoanza kufa ganzi, aliona baridi ile inavyofanya kazi ndani ya gari la rangi ya maziwa: inagusa shingo ya mtoto, bibi anasema funga kioo, mama anashika mkono mdogo wa chuma kati ya viti na kuuvuta.

Walifika kituo cha mafuta chini ya mlima. Mwuza mafuta, mwanamke aliyevaa koti juu ya koti, alilikumbuka gari mara moja.

“Lile zuri? Walikaa hapa kama saa nzima, mtoto alikuwa analia. Wakamnyonyesha, wakamfunika. Wameondoka si zamani. Nusu saa, labda.”

“Vioo vilikuwa wazi?” Pua akauliza.

“Na baridi hii? Nilimsaidia bibi kupandisha cha kwake mwenyewe. Akaniambia, weka mkono ndani usikie joto. Nikaweka. Joto tamu kweli, jamani. Fundi wao ni hodari.”

Cheche alikuwa amekwisha kanyaga gia.

Mlima ule ulikuwa na kona za kujirudia. Upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili ukungu. Kila kona Pua alikaza macho kutafuta rangi ya maziwa, akaiona mara tatu mahali isipokuwepo: kwenye jiwe, kwenye gunia, kwenye mgongo wa lori. Alitazama chini ya ukingo pia, kwa kuwa dereva anayesinzia hakai barabarani. Hakumwambia Cheche anatazama nini. Cheche naye alikuwa anatazama kulekule.

Kona ya kumi na moja, au ya kumi na mbili, waliliona. Lilikuwa limesimama vizuri kabisa pembeni, kwenye eneo la kupumzikia magari, kama gari la watu wanaotazama mandhari. Taa za pembeni zilikuwa zinawaka na kuzima. Vioo vilikuwa vyeupe kwa mvuke. Na nyuma, injini ilikuwa inanguruma taratibu, sawasawa, bila kukosa pigo. Ilikuwa injini nzuri. Yeye mwenyewe ndiye aliyeirekebisha.

Pua alishuka pikipiki ikiwa bado inakwenda. Aliukamata mlango wa dereva. Raba yake mpya iling'ang'ania. Ilimbidi avute kwa mikono miwili, na ulipoachia, joto likampiga usoni kama la tanuri. Binti wa Mkunga alikuwa ameegemeza kichwa kwenye usukani. Uso wake ulikuwa mwekundu usivyopaswa kuwa. Pua alimkamata chini ya makwapa akamburura mpaka kwenye nyasi, na Cheche, kabla ya kitu kingine, akaingiza mkono na kuzima ufunguo. Kimya kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko mngurumo.

Upande wa pili Mkunga alikuwa macho, lakini macho yake yalisafiri polepole. “Fundi,” akasema kwa ulimi mzito. “Mbona uko huku?... Alisema kichwa kinamuuma. Nikamwambia simama, ulale kidogo. Tukaacha injini... mtoto asipate baridi.”

Mtoto alikuwa mapajani mwake, amefungwa kwenye blanketi, macho yamefumba. Hakutikisika. Pua alimchukua. Alikuwa mwepesi mno. Alikimbia naye hatua kumi mbali na gari, akapiga magoti, akaweka shavu lake mdomoni mwa mtoto, akangoja.

Upepo wa mlimani ulikuwa unapuliza, na hakuweza kujua kipi ni upepo na kipi ni pumzi. Alikinga kwa mkono. Aliacha kupumua yeye mwenyewe. Katika miezi saba hakuwahi kuitaka pua yake kama alivyolitaka shavu lake sasa.

Kitu kikamgusa. Chembamba, cha vuguvugu. Kikaondoka. Kikarudi.

Kisha mtoto akakunja uso, akapasua kinywa, akalia kwa hasira ya mtu aliyeamshwa bila sababu.

“Huyo yuko sawa,” Mkunga akasema. Alikuwa amejitoa nje, ameshika mlango, na baridi ilikuwa inamrudishia akili. “Nilimlaza upande wa kidirisha. Nilikifungua upana wa kidole kimoja. Ile harufu ya rangi sikuipenda kwa mtoto.” Kisha akamwona binti yake kwenye nyasi, na kazi ya miaka yote ikamrudia mikononi. “Mlaze ubavu! Ubavu, nimesema. Usimkalishe. Cheche, simamisha gari lolote linalopita. Usiniangalie mimi, angalia barabara!”

*

Zahanati ilikuwa na vitanda vinne na mtungi mmoja wa oksijeni. Mtungi ulipewa binti. Pua alikaa nje kwenye benchi, akisikiliza vali inavyozomea kupitia mlangoni. Kila ilipobadilisha sauti aliinuka. Tabibu alitoka mara moja kuchukua maji, na Pua hakuthubutu kumtazama usoni. Hakuwa na simulizi yoyote ya kujitetea. Alijaribu kutunga moja, ikamfia kinywani.

Alasiri Mkunga alikuja, akaketi mwisho wa pili wa benchi, mjukuu begani.

“Ametapika, ameniita, ameuliza mwanawe yuko wapi,” akasema. “Tabibu anasema atalala hapa leo. Angekaa robo saa nyingine mle ndani, tungekuwa tunazungumza mengine.” Akamhamishia mtoto bega la pili. “Wewe ulijuaje?”

Pua akamwambia. Alianza na petroli iliyokuwa kama maji, akamaliza na pipa lililokuwa katikati ya uwanja. Hakuruka kitu. Mkunga alimsikiliza bila kugeuza shingo.

“Mimi nilikuwa nasikiliza moyo wa mtoto kwa sikio,” akasema mwishoni. “Unaweka kile kipembe tumboni, unaweka sikio. Miaka thelathini na mitatu. Sikio la kushoto lilipoanza kufa, nilikwenda kwa mkuu wangu asubuhi ileile. Unadhani sikuogopa? Nilidhani watanifukuza.”

“Walikufukuza?”

“Walinipa kazi ya wodini, kwa wazazi waliokwisha kujifungua. Nililia wiki nzima. Lakini hakuna mtoto aliyekufa kwa sababu ya aibu yangu.”

Mtoto alicheua. Mkunga akamfuta kwa ncha ya kanga, akainuka. “Sijui kama nimekusamehe,” akasema. “Usiniulize leo. Kalifungue lile bomba uniletee nilione.”

*

Bomba lilikuwa na ufa wenye urefu wa ukucha, karibu na ncha, pale pale nyundo ilipomwambia. Likiwa baridi ufa ulijifunga, huuoni. Likipata moto ufa ulifunguka kama mdomo. Alimpelekea Mkunga, naye akaligeuza mikononi muda mrefu, akamrudishia. Cheche alichomelea kipande kipya, na siku hiyo bomba likazamishwa kwenye pipa katikati ya uwanja, mbele ya gereji nzima. Hakuna aliyecheka, maana Pua alikuwa amekwisha kuwaambia wote.

Wateja wengine waliacha kuja. Wengine walikuja bado. Jina halikubadilika, lilikuwa limeshamganda, ingawa vijana walilitamka sasa kwa sauti ya chini kidogo.

Mama Pacha hakulifua lile shati. Alilileta gereji mwenyewe, akalitundika kwenye msumari juu ya meza ya mumewe, akasema atakayelitoa atamtambua. Vijana husema mpaka leo bado linanuka. Pua huwaamini tu.

Na desturi ikabaki, na nyongeza yake. Gari likikamilika, bomba likishatoka kwenye pipa bila povu, Pua hukaa ndani dakika kumi, vioo vimepandishwa. Kisha hushuka, husimama wima kama mtu anayepimwa suti, na Cheche huja akainamisha uso kwenye kola yake. Cheche hana haraka. Hunusa bega moja, hunusa la pili, hufikiri.

Pua hutazama mbele, mikono imebana suruali, akingoja kuambiwa.